Mfanyakazi akianguka, sahani ya toleo inapita: ajali za kazi, CNSS na makanisa yetu ya Kalemie

Katika parokia moja hapa Kalemie, ambayo mimi ni mshiriki wake, tulikuwa tunajenga. Ukuta ulikuwa umepita madirisha, na mafundi walisimama juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba. Siku ya Alhamisi mti mmoja ulivunjika. Kibarua mmoja, baba wa watoto wanne, akaanguka pamoja na matofali aliyoyashika, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alitangaza toleo la pekee, sahani ikapita mara mbili, kina mama wakaleta unga na mafuta, na wengi tulirudi nyumbani tukifurahi kwamba tumefanya jambo jema.

Na kweli lilikuwa jema. Lakini baada ya ibada dada mmoja anayefanya kazi ya uhasibu mjini aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Huyu ndugu alikuwa mfanyakazi wa nani?" Tulitazamana. Aliyempa franka zake kila jioni alikuwa mweka hazina wetu. Aliyemwonyesha ukuta wa kuanzia alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi. Miti ya jukwaa tuliinunua sisi. Alikuwa mfanyakazi wetu, na sisi tulikuwa tumempa kama sadaka kitu ambacho, mbele ya sheria ya nchi, kilikuwa deni.

Tangu siku ile nimesoma sheria, nimewauliza wanaoijua kazi hii, na ninaandika hapa yale ambayo ningependa tuwe tumeyajua kabla ya mti ule kuvunjika.

Bima ya ajali za kazi si jambo jipya, wala si anasa ya nchi tajiri. Ujerumani iliiweka katika sheria mwaka 1884, wakati viwanda na machimbo ya makaa vilipokuwa vinakata mikono ya watu na wajane wanazunguka mahakamani bila kupata kitu. Shida ya mahakama ilikuwa hii: mfanyakazi alipaswa kuthibitisha kwamba mkubwa wa kazi amekosa. Mtu aliyelala hospitalini na mguu uliofungwa atathibitisha vipi? Shahidi wake ni mwenzake ambaye bado anakula kwa mkono wa mkubwa huyo huyo. Basi pakafanywa mapatano. Mwajiri anatoa mchango kila mwezi katika mfuko wa pamoja, hata kama kwake hakuna ajali. Ajali ikitokea, mfuko unalipa, bila kuuliza kwanza ni nani aliyekosa. Kwa upande wake mwajiri hachukuliwi mahakamani kudaiwa mamilioni kwa kila ajali, isipokuwa kama alikusudia kuumiza. Kila upande umeacha kitu ili upate kitu.

Mapatano hayo ndiyo msingi wa sheria yetu pia. Kongo iliunda INSS kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Wazee waliofanya kazi kwenye njia ya reli, bandarini au katika kiwanda cha nguo cha Filtisaf wanalikumbuka vizuri jina hilo, na wengine bado wanatunza kadi zake zilizogeuka manjano. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ilichukua mahali pa ile ya 1961, na mwaka 2018 INSS ikageuka kuwa CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii. Mfuko huu una matawi matatu: pensheni, posho za familia, na hatari za kazi. Tawi la tatu ndilo tunaloliongelea, na ndilo lisilojulikana sana. Mtu anajua CNSS ni kitu cha uzee. Hajui kwamba ni kitu cha kesho asubuhi, akipanda ngazi.

Tuangalie hesabu, maana hapo ndipo mazungumzo mengi yanapokwama. Kwa kila mshahara, CNSS inapokea asilimia 18 kwa jumla. Mfanyakazi anakatwa 5, nazo zote zinaenda kwenye pensheni yake. Mwajiri anatoa 13: 5 za pensheni, 6.5 za posho za familia, na 1.5 za hatari za kazi. Kwa hiyo bima ya ajali inalipwa na mwajiri peke yake. Mkubwa wa kazi akikuambia kwamba anakukata pesa "ya ajali", anakudanganya au amedanganywa. Kwa mshahara wa franka 300,000 kwa mwezi, sehemu ya ajali ni franka 4,500. Ni bei ya chakula cha siku moja kwa mtu, kwa ajili ya mguu wake, mgongo wake, na wajane na yatima atakaowaacha.

Hata hivyo si haki kusema kwamba waajiri wanakimbia franka 4,500. Wanakimbia franka 54,000, ambazo ndizo asilimia 18 za mshahara huo, kwa sababu mtu haruhusiwi kuchagua tawi moja na kuacha mengine. Mwenye duka la vyuma, mwenye mashua mbili, mwenye shule ya binafsi yenye walimu saba, anapiga hesabu ya yote, anaongeza kodi nyingine anazodaiwa, kisha anaamua kuficha wafanyakazi wake. Ninasema hivyo si kwa kumtetea. Ninasema kwa sababu tukimhubiria juu ya franka 4,500 atatucheka, naye atakuwa na haki ya kucheka.

Je, sheria inaita nini ajali ya kazi? Ni ajali iliyompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au akiwa katika kazi, hata kama yeye mwenyewe alikosa uangalifu. Inahesabiwa pia ajali ya njiani, kati ya nyumba na mahali pa kazi, kwenda na kurudi. Jambo hili ni la maana sana katika mji wetu, ambapo watu wengi wanafika kazini juu ya pikipiki. Mlinzi anayegongwa saa kumi na mbili asubuhi akitoka zamu yake hakugongwa "kwa mambo yake". Magonjwa ya kazi nayo yamo, yale yaliyoandikwa katika orodha. Mtu aliyepumua vumbi la saruji miaka kumi hawezi kuonyesha siku aliyougua, lakini haki yake haipotei kwa sababu hiyo.

Na mfuko unalipa nini? Matunzo ya hospitali na dawa. Posho ya kila siku wakati mtu hawezi kufanya kazi. Kama amebaki na kilema, daktari anapima kiasi cha uwezo alioupoteza, naye analipwa pesa za kila kipindi, au za mara moja kama kilema ni kidogo. Akifa, mjane na watoto wanapata sehemu yao, na kuna msaada wa mazishi. Kongo ilitia sahihi mwaka 1967 mapatano namba 121 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, yanayosema kwamba posho ya mtu aliyeumia kazini isishuke chini ya asilimia 60 ya mapato yake ya zamani kwa familia ya kipimo, na ya mjane mwenye watoto wawili isishuke chini ya asilimia 50. Linganisha na sahani ya toleo. Sisi tulitoa vizuri Jumapili ya kwanza, nusu yake Jumapili ya pili, na mwezi wa tatu ndugu yetu alikuwa akituma mtoto wake kwa mashemasi na barua. Mguu uliovunjika mahali pawili hauponi kwa mwezi mmoja.

Basi kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini karibu hakuna anayemjua jirani aliyelipwa? Nadhani jibu la kwanza liko katika neno kibarua. Kalemie ni mji wa kupakia na kupakua. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, na tangu hapo mgongo wa mtu ndio uliounganisha behewa na meli. Saruji ya Kabimba, mahindi, mafuta, samaki, mizigo inayovuka kutoka Kigoma: vyote vinapita juu ya mabega ya watu wanaoitwa asubuhi na kulipwa jioni. Hawana mkataba ulioandikwa. Majina yao yamo katika daftari la msimamizi, kama yamo. Na mkubwa wa kazi anasema kwa moyo mweupe: hawa si wafanyakazi wangu, ni vibarua tu.

Sheria haisemi hivyo. Kanuni za Kazi za tarehe 16 Oktoba 2002 zinasema kwamba mtu anayeitwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Siku ishirini na mbili! Wengi wa wapakiaji wetu wanazipita kila mwezi. Na mahali pasipo na mkataba ulioandikwa, mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa njia yoyote kwamba alikuwa akifanya kazi pale: mashahidi, ujumbe wa simu, daftari la malipo, picha. Kwa hiyo ukosefu wa karatasi haumfanyi mtu kuwa si mfanyakazi. Unamfanya awe mfanyakazi atakayesumbuka.

Jambo gumu zaidi ni ziwa. Mtu mwenye mtumbwi wake anajifanyia kazi mwenyewe, naye hana mwajiri wa kumlipia. Lakini wengi wanaotoka usiku kuvua ndagala si wenye mashua. Wanalipwa sehemu ya walichopata, na mwenye mashua amelala nyumbani. Dhoruba ikiwachukua, mwenye mashua anasema walikuwa washirika wake. Mimi naona kwamba mtu anayeamriwa lini atoke, kwa mashua ya nani, kwa nyavu za nani na kwa mgawo aliopangiwa, ni mfanyakazi hata kama mshahara wake ni samaki. Lakini sijidanganyi: mpaka jambo hili lipelekwe mbele ya mkaguzi wa kazi kwa majina na mashahidi, litabaki maoni ya mtu anayeandika.

Kisha kuna karatasi zenyewe. Mwajiri anajiandikisha CNSS na kupewa namba. Anamwandikisha kila mfanyakazi, naye anapewa namba yake. Kila mwezi anatangaza mishahara na kulipa. Ajali ikitokea, anatakiwa kuitangaza haraka, bila kungoja mtu apone au afe. Akikataa, mwenye kuumia au jamaa zake wanaweza kuitangaza wenyewe. Kinachotakiwa ni tarehe na saa, mahali, namna ilivyotokea, majina ya walioona, na cheti cha daktari wa kwanza aliyempokea. Cheti hicho cha kwanza ni cha thamani kuliko vyote. Wauguzi wa vituo vyetu vya afya, wengi wao wakiwa washiriki wa makanisa haya, wanaandika tu "kuvunjika mguu". Wangeandika "kuvunjika mguu, ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi, kazini", maneno machache hayo yangebeba familia nzima miaka mingi. Mkubwa wa kazi na mfanyakazi wasipopatana, wanaenda kwanza kwa mkaguzi wa kazi kutafuta mapatano, na yakishindikana, mahakama ya kazi.

Najua wasomaji wa Goma na Bukavu wanasoma sehemu hii wakitikisa kichwa. Goma ilipochukuliwa mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango, na mchango unaopita benki hauwezi kupita mlango uliofungwa. Wakimbizi walifika kwetu kwa njia ya ziwa, wengine wakiwa na nguo za mwilini tu. Kati yao wamo watu waliokuwa na miaka mingi ya kazi na namba ya CNSS, na namba hiyo imebaki katika nyumba ambayo hawajui kama bado ina mlango. Kwao naweza kusema jambo moja la msaada: namba ni ya mtu, si ya mji. Mfuko ni wa taifa zima. Mwenye kuikumbuka namba, au mwenye picha ya kadi katika simu ya mtoto wake, aiandike mahali pawili leo. Na mwenye kuumia kazini wakati wa vita akusanye majina ya mashahidi sasa, wakati bado wanajulikana waliko.

Ng'ambo ya ziwa, ndugu zetu wa Kigoma wana njia nyingine. Tanzania iliweka sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ukaanza kupokea michango Julai 2015. Mfuko huo ni wa ajali na magonjwa ya kazi tu, hauchanganyi pensheni. Mwajiri peke yake ndiye anayechangia, na kiwango kilianza kwa asilimia 1 kwa kampuni za binafsi, kikapunguzwa baadaye. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, inamtaka mwajiri anunue bima kwa kampuni za bima. Siandiki haya ili tuwaonee wivu. Naona tu kwamba njia ya Tanzania inajibu ile shida ya franka 54,000: mwenye duka dogo anaweza kulipia ajali bila kubeba vyote kwa siku moja. Wabunge wetu wa Tanganyika wangeweza kuliuliza jambo hilo Kinshasa. Mfuko wa pamoja wa Kongo una faida yake, kwa maana mtu anapata mlango mmoja kwa mambo matatu, lakini mlango ule umekuwa mzito mno kwa wadogo kuufungua.

Sasa turudi kwetu, kanisani. Wengi wanadhani kanisa liko nje ya mambo haya kwa sababu halitafuti faida. Kanuni za Kazi zinawataja waziwazi watu wanaofanya kazi katika mashirika ya kijamii, ya utamaduni na ya hisani. Walimu wa shule zetu za mkataba wanaolipwa na serikali wana mfuko wao, CNSSAP. Lakini mlinzi wa usiku, mpishi wa shule ya bweni, dereva wa ofisi ya jimbo, mama anayefagia zahanati, mwalimu anayelipwa na wazazi kwa sababu serikali haijamtambua, na mafundi wa kila jengo tunalojenga: hawa mkubwa wao wa kazi ni sisi. Kuhusu wachungaji wenyewe kuna mabishano, kama wito ni mkataba au sivyo, nami sitaingia humo leo. Mlinzi hana mabishano. Amewekwa mlangoni usiku, na wezi wakija atakuwa wa kwanza.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 kuna agizo dogo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa: mwenye kujenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Agizo halikuandikwa kwa aliyeanguka. Liliandikwa kwa mwenye nyumba, na kabla ya mtu kuanguka. Sisi tulinunua miti ya bei rahisi.

Kuna watakaosema kwamba tukianza kulipa CNSS tutashindwa kujenga. Nilifanya hesabu ya ujenzi wetu. Vibarua wanane, kila mmoja franka 10,000 kwa siku, siku 20 kwa mwezi: mishahara ni franka 1,600,000. Sehemu ya ajali ni franka 24,000. Sehemu yote ya mwajiri, asilimia 13, ni franka 208,000. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini katika mpango wa ujenzi tulikuwa tumeandika saruji, mchanga, mabati, misumari, chakula cha wageni wa siku ya kuweka wakfu, hata kitambaa cha kukata. Mstari wa watu watakaobeba mchanga haukuwapo. Wazee walipoona hesabu hiyo, mmoja wao, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, alisema polepole kwamba hata wakoloni walikuwa na daftari la majina.

Kitu kingine lazima nikiseme, ingawa kitawachoma wengine. Toleo letu la haraka linaweza kumfunika mwenye deni. Mpakiaji akivunjika mgongo bandarini, kanisa linalipa hospitali, mkubwa wa kazi analeta sanduku la soda na bahasha, tunamshukuru mbele ya watu, na faili halifunguliwi. Miaka miwili baadaye mtu anaomba mlangoni kwetu. Tuendelee kutoa, maana hospitali haingoji faili. Lakini shemasi anayepeleka unga anaweza pia kuuliza maswali mawili: umeandikishwa? ajali imetangazwa? Na kama mgonjwa hajui kusoma, amwandikie barua ya mkaguzi wa kazi.

Ndugu yetu sasa anatembea kwa fimbo. Kamati ilikubali, baada ya mikutano mitatu yenye maneno makali, kuandika tamko la ajali kwa jina la parokia, pamoja na majina ya mafundi wanne walioona. Mchungaji alitia sahihi. Daftari la mweka hazina linaonyesha siku 31 za kazi kabla ya Alhamisi ile, na nakala yake imewekwa ndani ya faili. Namba ya parokia kama mwajiri tumeiomba siku hiyo hiyo, na malimbikizo yake tutaelezwa tukipewa. Ujenzi umesimama kwenye madirisha. Miti mipya imeshanunuliwa, minene zaidi, nayo imelala nje ya ukuta ikingoja majina ya mafundi yaandikwe.